Toroli za Nambari Sitini na Moja

Thurman Skaggs alikufa mwezi Machi, dari la mgodi lilipomwangukia, na wiki nzima baada ya mazishi makaa yake yaliendelea kutoka. Hilo halikumshangaza mtu. Hapa Kentucky kila mchimbaji hutundika kibati chenye nambari yake kwenye toroli aliyoijaza, karani ajue jasho ni la nani. Mtu akifa, wenzake humjazia kwa siku saba, watundike kibati chake, mjane apate chochote. Kampuni hujifanya haioni.

Siku ya nane, nambari ya Thurman, sitini na moja, ikatoka tena. Ya tisa pia. Toroli nne kila siku, kama enzi za uhai wake.

"Hobart," nikamwuliza mume wangu, "nani bado anamjazia?"

"Si mimi. Nilidhani ni Virgil."

"Mke wa Virgil anasema ni wewe."

Akaacha kula. "Jana nilisikia koleo kule kulikoporomoka, Delphia. Sikwenda kutazama, na wewe usinitume."

Karani hakujali, kwake makaa ni makaa. Kila Jumamosi alimpa mjane, Orlena, sarafu za shaba za kampuni, ambazo hazinunui hata njiti ya kiberiti nje ya duka la kampuni. Nyumba nayo ya kampuni: maadamu nambari ile inatoa makaa, hafukuzwi.

Orlena alitaka kumpeleka mwanawe kwa dada yake, Ohio. Stesheni wakamrudishia shaba zake, wanataka dola. Akaenda kwa karani kubadilisha. Mwanaharamu yule akacheka.

"Dola za nini, mama? Si unakula?"

Nami, Mungu anisamehe, nilimwambia yale yale. "Shoga, riziki haipigwi teke. Kaa." Kila Jumamosi alinigawia unga na mafuta ya nguruwe, na mimi nina watoto watano.

Mwezi Mei akaniita kwake. Uso ulikuwa umemshuka.

"Anakuja, Delphia. Anasimama mlangoni, mweusi kwa makaa. Nikimwambia ingia, anasema zamu haijaisha."

"Unaota, mwenzangu."

"Sioti. Ninamla mume wangu. Kila nikinunua unga, anarudi chini. Mimi nikikaa hapa, yeye hapumziki."

Asubuhi, wanaume wakiingia kazini, alisimama kwenye mdomo wa mgodi, mtoto kiunoni.

"Thurman! Sinunui tena! Weka koleo chini, baba, umemaliza!"

Kisha akashika njia ya mlimani kwa miguu, maili arobaini mpaka mji wa kwanza usio wa kampuni. Hakuna aliyecheka.

Siku hiyo sitini na moja haikutoka. Jumatatu familia nyingine ilihamia nyumbani kwake. Nilipaswa kumshukuru Mungu kwa ajili ya Thurman, lakini nililia kwa sababu ya unga, na aibu hiyo ninayo hadi leo.

Jioni Hobart alirudi, akasimama mlangoni kuvua viatu. Sikuona ila meno na weupe wa macho. Hofu ikanishika.

"Hobart, ukifa, usinijazie. Unasikia? Ulale."

Alinitazama, kisha akawatazama watoto mezani.

"Na hawa watakula nini?"