Sura ya Jotham Ndani ya Faili ya Mavuno

Edah aliipakua dashibodi, ule ukurasa wa ramani na grafu za mavuno, asubuhi kabla hajaondoka Kitale, kwa sababu Chwele, alikokuwa anakwenda kukutana na wakulima, ilikuwa imeshamwaibisha mara moja. Katika mkutano uliopita mtandao ulipotea mbele ya wakulima wote, na ukutani pakabaki kiduara kinachozunguka tu, mpaka mwenyekiti akauliza, "Sasa hayo ndiyo mavuno yetu?" Watu wakacheka. Safari hii hakutaka mchezo. Alibonyeza mahali pa kutoa ripoti iwe faili ya kutazamwa bila mtandao. Kompyuta ikamuuliza kama data yote iingizwe. Akajibu ndiyo, akaona ramani na grafu zimefunguka vizuri, akafunga mkoba.

Alikuwa mtu wa takwimu katika shirika dogo la mbegu lililofanya kazi na vikundi vya wakulima wa Bungoma na Trans-Nzoia. Ripoti za mashambani zilimfikia yeye, naye akazipanga kwenye dashibodi ili kila kikundi kijione kilipo. Mtu wa nje akiifungua kwenye mtandao aliona majina ya vikundi na magunia, basi. Picha, majina na namba za simu za wakulima zilikuwa za ofisi peke yake.

Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa kanisa, siku isiyo ya soko, na ulienda vizuri kuliko alivyotarajia. Wakulima waliona maharagwe yao yamepita ya mwaka jana. Kisha wakaona kwamba kikundi cha Kiminini kimewashinda, na ukumbi ukachemka.

"Ati Kiminini? Na mvua yenyewe walikosa!" alisema katibu wa kikundi, mwanamke mrefu aliyeitwa Wilkista, ingawa kila mtu alimwita Mama Derrick. "Madam, si ututumie hiyo kitu kwa simu tujionee polepole?"

Edah akamtumia kwa bluetooth. Wilkista akawatumia waliokaa karibu naye, nao wakawatumia wengine, na chai ilipoletwa karibu kila mtu alikuwa ameinamia simu. Edah alifurahi. Hakuwahi kuona ripoti yake ikisomwa hivyo.

Alikuwa anakunja waya wa projekta aliposikia kikombe kikivunjika.

Wilkista alikuwa amesimama. Chai ya moto ilikuwa imemmwagikia sketi na hakujali. Simu ameishika mbali na uso, kama kitu kinachoweza kumuuma.

"Huyu ni nani?" aliuliza. "Nauliza, huyu ni nani?"

Edah akasogea. Kwenye ramani Wilkista alikuwa amegusa nukta moja ya Kiminini, na juu ya nukta ile pamefunguka picha ya mwanamume mwenye kofia ya sufu, amesimama kando ya maharagwe. Chini yake palikuwa na jina, Jotham Wakoli, na namba ya simu.

Edah akaikumbuka ile ndiyo yake ya asubuhi: data yote. Picha ile haikupaswa kuwapo. Akagusa nukta nyingine, ikafunguka sura nyingine. Akagusa nyingine, vilevile. Kila mkulima wao alikuwa humo, na mahali anapoishi, kwenye simu za watu asiowajua hata majina.

"Jamani, samahani, haya hayakufaa kuonekana. Tafadhali, naomba wote mfute..."

"Nimekuuliza huyu ni nani!"

"Ni mkulima wetu, mama."

"Huyu ni ndugu yangu," Wilkista alisema. "Huyu tulimzika."

Mwenyekiti aliichukua simu, akaitazama, akaketi ghafla kwenye benchi iliyokuwa na sahani za mkate. "Ni yeye," alisema. "Ni Jotham kabisa. Hilo kovu la kidevu ni la ile ajali. Bwana Yesu!"

Edah alielezwa kwa vipande, huyu akianza, yule akimalizia. Jotham alikuwa mwendesha bodaboda. Siku moja ya mvua alimbeba Derrick, mtoto wa dada yake, kutoka shule. Lori likawagonga. Mtoto akafa palepale. Jotham akalazwa hospitali Bungoma, mguu umevunjika na kidevu kimeshonwa, na siku aliyoruhusiwa hakufika nyumbani. Koti lake likapatikana kando ya mto Kuywa. Watu walitafuta majini mpaka wakachoka. Mwishowe wazee wa ukoo wakasema mtu hawezi kuachwa hewani hivyo. Wakakata shina la mgomba liwe badala ya mwili, wakalivisha lile koti, wakalizika karibu na Derrick, na watu wakalia kama wanavyolilia maiti.

"Nilimrushia udongo kwa mikono hii," Wilkista alisema, na kidole chake kilikuwa tayari juu ya namba.

"Ngoja kidogo, mama. Pengine hataki kupatikana. Acha nimpigie mimi kwanza, nimuulize."

"Na mimi nani aliniuliza kama nataka kumwona?"

Wakatoka nje, Edah akapiga kwa simu yake, akaweka spika.

"Haloo, madam wa Kitale!" sauti nzito ikaitika, imejaa furaha. "Mbegu zimefika?"

Wilkista alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Edah alijaribu kueleza kwamba kuna kosa limefanyika, kwamba picha yake imeonekana kwa watu. Alipotaja Chwele, ile sauti ikauliza haraka, "Nani ameiona?"

"Jotham," Wilkista alisema. "Ni mimi."

Simu ikakatwa. Walipopiga tena ilikuwa imezimwa.

Kesho yake mkubwa wa Edah alimfokea mlango ukiwa wazi, kisha akamwagiza amtafute kila mkulima aliye ndani ya faili na kumwambia ukweli. Edah aliomba aanze na Jotham, tena ana kwa ana. Alikwenda Kiminini akiwa amepanga maneno ya kumwandaa. Alipofika kwenye lango la miti, Wilkista alikuwa ameshafika. Ramani ilikuwa imemleta mpaka mlangoni.

Jotham alikuwa uani, anaanika maharagwe. Alimwona dada yake, akainuka kwa shida, mguu mmoja mzito. Hakukimbia.

"Umekuja na polisi?" aliuliza.

"Polisi wa nini?"

"Nilimuua mtoto wako."

"Lori ndilo lilimuua. Kila mtu aliona. Wewe ndiye hukukaa uambiwe."

Akamfikia, akampiga kofi lililomdondosha kofia. Kisha akamshika shati kwa ngumi mbili na hakuachilia, na Edah hakuweza kujua kama anamtikisa au anajishikilia asianguke.

"Mama amezeeka akililia mgomba," Wilkista alisema. "Mgomba, Jotham!"

"Mgomba gani?"

Hakuwa amejua. Wilkista alimweleza palepale wakiwa wamesimama, na kadiri alivyoeleza Jotham alizidi kushuka, mpaka akawa ameketi juu ya maharagwe yake.

"Kwa hivyo niko na kaburi?"

"Uko nalo. Na msalaba. Na jina lako liko kwa msalaba."

Alijigusa kifua, akajigusa mashavu, kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha. "Mimi sikutaka kufa," alisema. "Nilitaka tu msinione. Lile koti nililiacha kwa sababu lilikuwa na damu yake. Nilijaribu kulifua mtoni, damu ikakataa kutoka."

Wilkista akamwachilia. Edah aliona uso wake ukibadilika taratibu. Walikuwa wamelizika koti lile bila kulichunguza, na damu ya Derrick ikiwa ndani yake.

Hapo Edah akasema alilokuja kusema. "Ni mimi niliyetoa ile faili. Sikukuuliza. Nisamehe."

"Ungeniuliza ningekataa," Jotham alisema. Akawaza. "Ningekataa kabisa."

Jotham hakurudi nyumbani siku ile. Mtu aliyezikwa haingii tu boma kama mgeni wa chai, na wazee walihitaji kukaa wakubaliane. Katika siku hizo Edah alikuwa akipiga simu kwa wakulima. Wengine walicheka, wengine wakamtukana, na Chesang wa Kapsokwony akajitoa kwenye kikundi, akasema ana sababu zake, wala asiulizwe. Hakuna aliyeweza kumhakikishia Edah ni simu ngapi bado zina ile faili.

Kisha Wilkista akampigia. Msalaba ulikuwa umeng'olewa, na Jotham ameingia mchana, watu wakiona. Mama yao hakupiga kelele wala hakulia. Aliomba kiti kisogezwe, akauchukua ule mguu uliovunjika, akauweka mapajani mwake na kuufinyafinya kuanzia gotini hadi kwenye vidole. Alipomaliza akarudia tena kutoka mwanzo, huku watu wamesimama na hakuna aliyethubutu kumwambia yatosha.