Anayepakua Hula Mwisho

1.

TANGAZO KWA UMMA

Wananchi wanaarifiwa kwamba maombi ya Makao Nafuu, Awamu ya Pili, mtaa wa Kwa Ngamia, yatapokelewa kwa simu pekee. Nyumba zitagawanywa kwa kura itakayoendeshwa na mtambo. Kutuma ombi si hakikisho la kupata nyumba. Kutopata jibu kuchukuliwe kuwa jibu.

2.

Alama ya X nyekundu ilipigwa ukutani alfajiri, kabla mahamri hayajaumuka. Aliyeipiga alikuwa na adabu zake. Alibisha hodi, akaamkia, akasema kiwanja kimeuzwa na nyumba itavunjwa, kisha akaomba ndoo isogezwe asije akaichafua kwa rangi. Mishi akaisogeza. Baadaye ndipo alipojiuliza ameisogeza kwa ajili gani.

3.

Wewe unayesoma, karibu. Viatu viache hapo mlangoni.

Ukumbi ni mmoja, vyumba ni vitano. Cha kwanza ni cha Mzee Faki, bawabu mstaafu wa bandarini. Kinachofuata ni cha Kibibi, fundi cherehani, ambaye husikika kabla ya kuonekana. Kisha Hamadi na mkewe, ambao leo wananuniana. Kisha Kadzo, dobi, na mapacha wake. Huyo bado mgeni, aliingia baada ya mfungo.

Cha mwisho, kilichopakana na ua, ni cha Mishi muuza mahamri na mamake, Bi Salme. Choo kiko ng'ambo ya ua. Tangu macho ya Bi Salme yaingie giza, Mishi amefunga kamba kutoka mlangoni mwao hadi chooni, na mamake huifuata kwa mkono. Mvua ikinyesha kamba hulowa, na Bi Salme pia hulowa.

Mishi hakutaka ghorofa.

Alitaka choo cha ndani.

4.

Simu ya Mishi ina ufa toka pembe hadi pembe, lakini laini yake ni ile ile: ameolewa nayo, ameachwa nayo, amerudi nayo kwa mamake. Laini za wenzake hubadilika kama leso. Wakikopa salio huitupa na kununua nyingine. Basi shule ikiuliza nambari, hutoa ya Mishi. Zahanati ikiuliza, ya Mishi. Mchumba wa Kibibi aliyeko Muskati naye hupiga kwa Mishi. "Ni nambari ya nyumba," wao husema, na Mishi hupeleka salamu mlango kwa mlango, mikono imejaa unga.

5.

Walijiandikisha jioni moja mkekani, nyumba nzima, kwa simu ya Mishi. Mishi alianza na Mzee Faki kwa heshima ya umri. Akaja Kibibi, akaja Hamadi. Kadzo alikaa kizingitini mpaka alipoitwa. Wote walipokwisha, Mishi akajiandika mwenyewe.

Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Ndivyo alivyolelewa: anayepakua hula mwisho, na akikuta ukoko atakula ukoko. Bi Salme alimfunza hilo utotoni, na mwiko ukiwa karibu.

OMBI LIMEPOKELEWA. ASANTE, FAKI.
OMBI LIMEPOKELEWA. ASANTE, KIBIBI.
OMBI LIMEPOKELEWA. ASANTE, HAMADI.
OMBI LIMEPOKELEWA. ASANTE, KADZO.
OMBI LIMEPOKELEWA. ASANTE, MISHI.

Kila ujumbe ulipoingia, Kibibi alipiga kigelegele.

6.

*(foleni, nje ya ofisi ya mradi)*

— Mie nimeambiwa nije na picha.

— Mie nimeambiwa nisije.

— Mama, huu ndio mstari wa maji?

— Huu ni wa nyumba.

— Na wa maji uko wapi?

— Ukipata nyumba utayakuta humo humo.

— Lini? 

7.

Kijana wa dirisha la tatu alimwita "mathe", kisha akajirekebisha, "mama". Mishi alikuwa amekwenda kuuliza tu. Mtu hawezi kunyamaziwa hivi na mtambo uliomshukuru.

Kijana alibonyeza, akangoja, akabonyeza tena. Akamweleza kwa upole kwamba kwao nambari moja ya simu ni mtu mmoja. Ombi jipya likiingia kwa nambari ile ile, la zamani hufutika. Mishi akauliza ni lipi basi lililobaki.

"La mwisho," akasema kijana. "La Mishi. Ndiye wewe?"

"Ndimi."

"Mbona wasikitika, mama? Wewe umo."

Na wale wengine, je? Kijana akatikisa kichwa. Mlango wa maombi umefungwa. Kinachowezekana ni kubadilisha jina la ombi hilo moja, mara moja tu, kabla ya kura, kwa simu ile ile.

8.

Umo.

          Umo.

                    Umo.

Neno hilo lilimsindikiza hadi nyumbani. Njiani alinunua sukari, akaisahau dukani.

9.

Usimhukumu upesi. Ungekuwa wewe, na mama ana kamba mkononi, ungefanyaje?

Kila asubuhi Kibibi alimuuliza kama watu wa mradi wamesema. Mishi akajibu bado, na bado haikuwa uongo. Aliyafinyanga mahamri huku akiipanga ile nyumba kichwani: kitanda cha mama huku, mlango wa choo pale, hatua chache tu, ukuta wa kushika. Alikuwa na furaha, na furaha hiyo hakumwonyesha mtu.

Wenzake nao walikuwa wakipanga. Mzee Faki alimpa Hamadi kitanda chake cha mvule kwa sababu hakitapanda ngazi. Akawa analala chini, anakohoa, anatabasamu.

Hilo la kitanda ndilo lililomshinda. Mishi akamweleza mamake, hapo uani, mkono wa Bi Salme ukiwa kwenye kamba. Bi Salme alisikiliza mpaka mwisho.

"Umewapakulia sahani tupu, mwanangu," akasema. "Waambie kabla hawajatia mkono."

10.

Yaliyosemwa mkekani baada ya Mishi kueleza:

Hamadi alisema atarudi, akatoka.

Mkewe alisema alijua tangu mwanzo, jambo ambalo si kweli.

Mzee Faki aliuliza kama anaweza kurudishiwa kitanda chake.

Kadzo aliwapakata mapacha wake.

Kibibi alisema, "Kumbe ulijiweka nyuma kwa kujua."

Mishi angeweza kuvumilia tusi lolote isipokuwa hilo. Adabu aliyofunzwa kwa mwiko sasa inaitwa ujanja. Alisema hakujua, akasema tena, akasema mara ya tatu. Kibibi akalainika. Akasema basi na ipigwe kura kama ya mchezo, kikaratasi cha kila chumba kiingie bakulini na jina litakalotoka ndilo litakaloandikwa kwenye ombi.

Mchezo ni ule wa akina mama wa nyumba, wa kuchangiana pesa kwa zamu. Kadzo hakuwa ameingizwa, kwani bado hawajamjua vizuri. Mke wa Hamadi akalikumbusha hilo, kwa sauti ya mtu anayesaidia.

"Wanawe wakilia, ni nani humu asiyeamka?" akauliza Bi Salme. "Mwandikeni."

11.

Bakuli lilikuwa la unga wa mahamri. Mchotaji alikuwa Bi Salme, kwa kuwa haoni.

Mkono uliingia. Ukapapasa. Mishi akaufuata kwa macho kama anavyoufuata ukiwa kwenye kamba. Ukatoka.

Kibibi akakunjua kikaratasi.

Kadzo.



"Nani?" akauliza Bi Salme, maana Kibibi alikuwa amesoma kimoyomoyo.

Wakamwambia. Akasema kheri, inshallah, kisha akaomba apelekwe chooni. Mishi akampeleka. Kwa muda wa kuuvuka ule ua alimchukia mamake, na Kadzo akamchukia kwa muda mrefu zaidi ya hapo. Kisha akarudi ukumbini, akafuta jina lake, akaandika la mwenzake. Mtambo ukashukuru.

12.

*(Kadzo, akisuuza)*

Sikuomba kuingizwa bakulini. Mniamini.

Siku hizi nafagia ua kabla hawajaamka. Nafua shuka za Mzee Faki bila kutumwa. Wananipa hongera kwa midomo iliyokaza, na sijapata kitu. Bi Salme peke yake ndiye anayenitania. Huniambia nikipata choo cha ndani nimwalike, aje akikague.

Nikikosa, nitakuwa nimewakosesha wote. Nikipata, nitapita vipi hapa ukumbini na magodoro yangu, milango hii yote ikiwa wazi, nao wote

13.

TAARIFA: Kura imeahirishwa.

TAARIFA: Kura iliyoahirishwa imeahirishwa. Tunawashukuru kwa subira yenu.

Subira ipi? Huko kulikuwa ni kuchoka tu. Rangi ya X ilianza kupauka. Tingatinga lililetwa likaegeshwa mwisho wa mtaa, na mlinzi wake akawa mteja wa mahamri. Hupenda yaliyoiva sana. Kitanda cha mvule kilirudishwa kwa Mzee Faki, na siku hiyo Hamadi na mkewe walilala chini bila kununiana. Kibibi hakuuliza tena kama wamesema.

Na Mishi? Mishi alikuwa akiamka, akikanda, akichoma, akilala. Mvua ilinyesha. Aliifunga kamba upya.

14.

Ijumaa, watu wametoka msikitini. Wali uko jikoni, sinia liko mkekani. Kadzo ndiye aliyepika, maana siku hizi ndiye anayewahi.

Simu ikatetema juu ya pipa la maji.

MPENDWA KADZO, KUHUSU OMBI LAKO LA

Hapo ndipo kioo kilipoishia. Yaliyobaki yalitaka kufunguliwa.

Nyumba nzima ilijua bila kuambiwa. Kibibi alitoka na uzi mdomoni. Mzee Faki alisahau kukohoa. Mishi aliishika ile simu, na wacha niseme lililo kweli: aliomba iwe hapana. Akaona haya, mbele ya Mungu na mbele ya wali. Akaomba iwe ndiyo. Hakujua ni ombi lipi lililotangulia kufika.

Akamnyooshea Kadzo simu. Kadzo alikuwa na upawa mkononi. Aliitazama, akaichukua kwa vidole viwili, akailaza mkekani kifudifudi.

"Watu wale kwanza, da Mishi," akasema.

Akapakua. Alianza na Mzee Faki kwa heshima ya umri, akaja Kibibi, akaja Hamadi na mkewe. Bi Salme alifika kutoka uani akiifuata kamba yake, akawekwa upande wa nyama. Kadzo akamsogezea Mishi mahali, karibu na mamake, kisha akakaa na sufuria mapajani kukwangua ukoko.

Walikula polepole mno. Sinia lilipobaki na punje za kuhesabika, Mzee Faki akasema hajashiba. Kadzo akampa ukoko wake wote.

Simu ikatetema tena, kifudifudi vile vile.

"Mimi bado," akasema Kibibi, ambaye upande wake wa sinia ulikuwa safi kitambo. Na Mishi akainuka kutazama kama sufuriani kumebaki chochote.