Faili la Mama

Mtafiti alikuwa amebakiza mafaili matatu. Mwezi mzima alikuwa akisoma habari za wanawake waliochomwa mionzi ya saratani zamani, ajue ni wangapi walizaa baadaye. Alipofungua la pili, akakuta jina la mama yake na mtaa wao.

Hakuwahi kusikia kwamba mama aliugua. Akasoma: mgonjwa amepona, lakini mayai yote yameungua, hatazaa kamwe. Tarehe ilikuwa miaka miwili kabla yeye hajazaliwa, naye ndiye mtoto wa pekee.

Alifika nyumbani bado amevaa koti jeupe la kazini, akamkuta mama anakunja nguo.

"Mama, mimi nilitoka wapi?"

Shati likamponyoka mama mkononi.

"Mdogo wangu alikuwa na watoto wanne, wa tano yuko tumboni," alisema polepole. "Akaniambia, dada, huyu namzaa kwa ajili yako."

Mtafiti akashika ukuta. Mama mdogo! Yule anayemkumbatia kila akija, hamwachii mpaka aambiwe inatosha?

"Ungeniambia lini?"

"Kila siku nilisema kesho, mwanangu."

Neno hilo la mwisho ndilo lililomliza. Akajitupa mapajani mwa mama, juu ya nguo zilizokunjwa.