Sahihi ya Mkono wa Kushoto

Gari la benki lilipoanza kufika Segese, mwaka 1995, wazee walilipita kama wanavyopita gari lolote. Lilikuwa Landrova ya kijani iliyotobolewa dirisha ubavuni. Ndani mlikaa karani mmoja, Donatus, na nje alisimama askari mwenye bunduki. Lilikuja Alhamisi moja, likaruka ya pili, likaja tena, na kila lilipokuja liliegesha mbele ya mashine ya kusaga tangu saa tatu asubuhi mpaka saa nane mchana.

Waliopanga foleni walikuwa vijana. Wachimbaji wa miaka ishirini, ishirini na miwili, vumbi la mwamba bado masikioni, walisimama juani na noti zilizokunjwa mkononi, wakaondoka na kitabu cha akiba chenye jina lao. Walikitia ndani ya mfuko wa plastiki, wakakiweka mfuko wa shati, kona moja ikichungulia nje ili watu waone. Haikupita miezi mitatu, kijana asiye na kitabu Segese alionekana mshamba.

Nyamizi alifungua chake siku ya kwanza kabisa. Alikuwa na miaka ishirini na minne, akipika wali na maharage kwenye kibanda cha mabati karibu na maduara, yale mashimo marefu ya kuchimbia dhahabu. Alisoma mpaka darasa la saba na aliandika vizuri. Kila akiba ilipoingia alikaa pembeni ya sufuria akakisoma kitabu chake mstari kwa mstari, ingawa mistari yenyewe ilikuwa michache.

Mdogo wake, Sostenes, alichimba kwenye duara la mita arobaini pamoja na wenzake saba. Yeye shule aliiacha darasa la pili kwenda kuchunga. Mwaka uliofuata, mwezi wa tano, duara lao lilitema dhahabu. Walipogawana baada ya kuuza, Sostenes alipata shilingi laki tatu na themanini elfu. Alikuja kibandani, akamwonyesha dada yake zile fedha ndani ya kofia.

"Nakwenda Tinde kesho," alisema. "Nampelekea baba. Anunue ng'ombe."

Baba yao, mzee Maganga, aliishi nje kidogo ya Tinde. Ukame wa miaka miwili nyuma ulimwachia ng'ombe wanne tu katika zizi lililowahi kuwa na thelathini.

"Ng'ombe wanakufa, Sosi," Nyamizi alimwambia. "Umewaona wewe mwenyewe wakianguka. Hizi ziweke kwenye gari. Zitakaa, zitazaa riba, utajenga nyumba ya bati, utaoa. Baba utampa kidogo kidogo."

"Mimi sijui kusaini."

"Nitakufundisha."

Akamfundisha kweli. Siku nne nzima, baada ya wateja kuondoka, walikaa na penseli na karatasi za kufungia sukari. Sostenes aliandika jina lake kwa mkono mzito, herufi ya kwanza ikiwa na mkia mrefu uliozunguka na kupita chini ya nyingine zote. Ule mkia aliubuni mwenyewe, akaupenda. Alhamisi alisaini mbele ya Donatus, kwenye kadi, mara tatu, na zote tatu zikafanana. Donatus akacheka: "Sahihi ya bwana mkubwa hii." Mzee Maganga alipopata habari alituma salamu kwamba amesikia.

Mwezi wa tisa Donatus alitoa kichwa dirishani akawatangazia watu kwamba gari halitakuja tena. Benki ilikuwa inapunguza matumizi. Mwenye kitabu aende tawini, Kahama mjini. Fedha zote ziko kule na kadi zote ziko kule. Watu walinung'unika, wengine wakatoa zao palepale. Sostenes alimtazama dada yake.

"Ziache tu," Nyamizi alisema. "Kahama si mbali."

Wiki tano baadaye, siku ya Alhamisi asubuhi, magogo yaliyoegemeza ukuta wa duara yaliteleza. Wenzake walimtoa Sostenes akiwa hai. Mkono wa kulia ulikuwa umesagika kuanzia kiwikoni, na tumbo lilianza kuvimba. Walimpakia kwenye gari la mawe, Nyamizi akakaa naye nyuma akimshika kichwa, mpaka kwenye kituo cha afya cha masista, nje kidogo ya Kahama.

Mganga alimpima, akamwita Nyamizi barazani.

"Anavuja damu ndani. Hapa hatuna wa kumpasua. Mpelekeni Mwanza, na msichelewe. Gari letu limekwenda mbali kupeleka wagonjwa wengine, sijui litarudi lini."

Gari la kukodi kwenda Mwanza lilikuwa elfu hamsini, na huko nako wangehitaji fedha ya dawa na damu. Nyamizi alikuwa na elfu kumi na moja kitabuni mwake. Kitabu cha Sostenes kilikuwa mfukoni mwa shati lake, lile shati walilolichana kwa mkasi. Sista alikitoa, akafuta damu kwenye plastiki, akampa.

Ijumaa, benki ilipofungua mlango, Nyamizi alikuwa wa kwanza. Alikuwa na barua iliyoandikwa na sista, kwamba Sostenes Maganga anamruhusu dada yake amtolee fedha. Chini Sostenes alikuwa amesaini kwa mkono wa kushoto. Ilimchukua muda mrefu. Herufi zilipanda na kushuka kama za mtoto, na mkia haukuwepo.

Donatus alikuwa nyuma ya kaunta sasa, amevaa tai. Alipoisoma barua uso wake ulibadilika. Akaichukua pamoja na kitabu na kadi akaingia ndani, akatoka na mama mmoja wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Ndiye Mama Euphrasia, naibu wa meneja.

"Shikamoo mama," Nyamizi alisema.

"Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa mgonjwa." Aliweka barua kando ya kadi. "Lakini sahihi hizi mbili hazifanani hata kidogo."

"Mkono wa kulia umesagika, mama. Ameandika kwa wa kushoto."

"Mimi namjua huyu kijana," Donatus aliingilia. "Nimemwandikisha mimi. Na huyu ni dada yake, tumbo moja."

"Nawaamini wote wawili. Mwezi wa pili alikuja mtu na barua kama hii, na machozi kama haya, nikalipa. Siku ya tatu akaja mwenye fedha, mzima kabisa, anataka chake. Mpaka leo nakatwa mshahara wangu, nina watoto shule." Alivua miwani. "Meneja yuko Shinyanga kwenye kikao mpaka Jumatatu. Karani aende akachukue alama ya dole gumba la mgonjwa mwenyewe, mganga ashuhudie, meneja akirudi aidhinishe. Jumatatu asubuhi na mapema utalipwa."

"Mganga amesema tusichelewe, mama."

"Nimesikia, mwanangu."

Nyamizi alitoa zake zote, elfu kumi na moja. Zilikwenda kwenye maji ya mshipani na sindano. Alimtumia baba yake salamu kwa kila gari lililoelekea Tinde. Aliwafuata wenye magari stendi, mmoja baada ya mwingine, akiwaonyesha kile kitabu, akiwafungulia ukurasa wenye laki tatu na themanini. Walikitazama. Mmoja alikishika kabisa akakisoma. "Fedha unayo, dada," alisema akimrudishia, "ila mafuta hawaniuzii kwa kitabu."

Jumamosi, benki ilipofunga saa sita, Donatus alikuja na fomu na kidau cha wino. Sostenes alimtambua. Midomo ilikuwa imepasuka, lakini alijitahidi.

"Kumbe gari halijafa," alisema. "Limenifuata mpaka kitandani."

Donatus alimshika dole gumba la kushoto kwa uangalifu kama anayeshika yai, akaligandamiza kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Mganga akaweka sahihi yake. Nyamizi akampangusa mdogo wake wino kwa ncha ya khanga, ukabaki kidogo kwenye kucha.

"Dada," Sostenes alisema baadaye, walipobaki wawili. "Jumatatu wakikupa, usitoe zote. Acha akaunti isife."

Alifariki Jumapili saa nne asubuhi. Wino ulikuwa bado kwenye kucha.

Mzee Maganga alifika mchana huo kwa lori la pamba, salamu zikiwa zimemfikia Jumamosi jioni. Alikuja na elfu nane, mchango wa majirani. Alisimama kando ya kitanda akamfunua mtoto uso, akamfunika, akatoka nje akakaa chini. Gari la kumpeleka marehemu Tinde lilikuwa elfu thelathini. Jeneza bado. Masista walisema wanaweza kumhifadhi mpaka kesho, si zaidi, kwa sababu ya joto.

"Kesho nitapata fedha, baba," Nyamizi alisema. "Zimeshakubaliwa."

Jumatatu alikwenda benki kwa miguu. Njia nzima alijifundisha la kusema. Wangemuuliza hali ya mgonjwa, naye angesema anaendelea vizuri. Maneno mawili tu. Aliyasema kwa sauti alipopita sokoni, akayasema tena mlangoni. Khanga ya msiba aliivua kichwani, akaikunja, akaitia kwenye mfuko. Alijiambia kwamba haibi. Fedha ni za Sostenes, na zinakwenda kwa Sostenes.

Donatus alimwona, akanyanyuka kabla hajafika kaunta.

"Meneja ameidhinisha," alisema. "Saa mbili na nusu tu amesaini. Weka sahihi yako hapa, na hapa."

Nyamizi akasaini. Mkono ulikuwa imara. Donatus alihesabu noti haraka, mabunda matatu na nyingine pembeni, akayapanga juu ya ubao wa kaunta. Mama Euphrasia alisimama nyuma yake na rundo la karatasi, akainamisha kichwa kwa upole kumsalimia. Nyamizi alinyoosha mkono. Vidole vyake viligusa bunda la kwanza.

Hapo ndipo Donatus alipoinama kidogo, akamuuliza kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini ya mtu wa nyumbani, mdogo wetu ameamkaje.

Yale maneno mawili yalikuwa ya Kiswahili. Kwa Kisukuma hakuwa amejifundisha. Nyamizi alifungua mdomo, likatoka lile alilokuwa amelizuia tangu jana. Hakulisema kwa maneno, lilitoka kama kilio cha msiba, na benki nzima ikageuka.

Mkono wa Donatus ulibaki juu ya fedha. Alimtazama Nyamizi, akageuka akamtazama Mama Euphrasia. Yule mama alikuwa ameketi ghafla kwenye kiti, ameweka kiganja mdomoni. Kisha Mama Euphrasia akasema, akitazama sakafu, "Donatus. Zirudishe."

"Mama..."

"Watu wote wamesikia. Zirudishe."

Alizirudisha. Alichukua fomu yenye dole gumba, akaikata mstari mwekundu kutoka kona mpaka kona, akaandika juu yake kwamba mwenye akaunti amefariki. Aliandika polepole. Akamweleza Nyamizi, macho yake yakiwa kwenye karatasi, kwamba sasa ni mambo ya mirathi: kikao cha ukoo, cheti cha kifo, mahakama, msimamizi. Fedha zenyewe zisimtie wasiwasi, ziko salama. Halafu akachomoa elfu tano mfukoni mwake akamsukumia chini ya kioo.

Mzee Maganga aliahidi ng'ombe wawili kwa mwenye gari, na wa tatu akaenda kwenye msiba. Sostenes alizikwa Jumanne ndani ya sanduku la mbao za masanduku ya sabuni, maandishi yakiwa yamegeuzwa upande wa ndani.

Kikao cha ukoo kilichelewa kwa sababu ya kilimo. Cheti cha kifo kilitoka na jina lililokosewa herufi, ikabidi kirudishwe. Mahakamani waliambiwa waje mwezi ujao, wakaja. Waliambiwa tangazo lazima likae siku tisini, likakaa. Kila safari ilikuwa nauli, na kila nauli Nyamizi aliipika kwanza. Safari ya nne, mwezi wa saba, karani wa mahakama aliwaambia hakimu amehamishwa na jalada halionekani. Waandike upya.

Nyamizi alitoka akamkuta baba yake kwenye benchi la nje, kofia magotini.

"Wamesemaje?"

Akamwambia. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Barabarani vijana wawili walipita na baiskeli, wakicheka jambo lao.

"Nyamizi," alisema baba. "Siku ile benki. Ni wewe uliyewaambia kwamba amekufa?"

Tangu msiba hakuwahi kuuliza.

"Ni mimi, baba."

Mzee aliigeuza kofia, akaipangusa vumbi ambalo halikuwepo.

"Ungenyamaza tu, mwanangu," alisema. Hakuwa na hasira hata chembe. Alisema kama mtu anayemhurumia mtoto aliyedondosha kibuyu njiani, mbali na kisima.

Nyamizi alisubiri aongeze neno, hata la kumgombeza. Mzee aliinuka, akavaa kofia, akasema gari la Tinde la mwisho huondoka saa tisa, wasije wakaachwa. Wakatembea kwenda stendi, yeye mbele, binti nyuma. Njia nzima alizungumza habari za mahindi, jinsi yalivyowahi kunyauka upande wa kusini mwa shamba, na Nyamizi aliitikia, ndiyo baba, ndiyo baba, mpaka gari likaja.