Visanduku vya Si Bujemaa

Ubao ulipandishwa juu ya mlango wa chumba cha kujifungulia asubuhi ileile ya ufunguzi. Lalla Tuda, kama walivyomwita bibi huyo kwa heshima, alikuwa wa kwanza kuutazama, maana jina lililotakiwa kuwa pale lilikuwa la mama yake. Mama huyo, marehemu Izza, alizalisha nusu ya kijiji kile. Theluji ikiziba njia ya mlimani, alishuka kwenye punda akaendelea kwa miguu.

Juu ya ubao palikuwa na Kiarabu, chini Kifaransa. Katikati, mahali pa herufi za kale za lugha yao, tifinagh, palikuwa na visanduku vinne vitupu.

Tuda alikuwa amezisomea herufi hizo uzeeni, miaka miwili katika darasa la alasiri la akina mama, ili alisome jina hilo mlangoni.

"Si Bujemaa," alimwita karani mkuu wa halmashauri kwa heshima ya 'Si', yaani Bwana, "jina la mama liko wapi?"

Si Bujemaa alikuwa akinyoosha pambo lake la fedha kifuani, lenye herufi yaz, yaani z, ile inayofanana na mtu aliyeinua mikono. Kila sherehe alipanda jukwaani nalo kuyalilia maandishi ya mababu.

"Si hilo hapo, mama? Hizo ndizo herufi zetu za kale. Usipozijua, waulize waliosoma."

"Visanduku?"

"Mababu walichonga kwenye miamba, Lalla. Ulitaka wachonge maua?"

Hejju, muuguzi, alitoka ndani. Akamletea bibi kiti na glasi ya chai.

"Basi nisomee," Tuda alisema. "Macho yangu mabovu."

Si Bujemaa aliinua kidole. Akaanzia sanduku la kulia, akaenda kushoto, taratibu, kama mwalimu. "I... zza. Umeridhika?"

Wanawake waliokuwa wakiosha ngazi za mlangoni waliacha kusugua.

"Masikini!" alisema Yamna, jirani yake Tuda. "Hata mjukuu wangu wa darasa la pili anajua herufi zetu zinaanzia kushoto!"

Walicheka hadi mmoja akapiga teke ndoo.

Rqiya, mchapaji wa mabango aliyekuja kutoka mjini na ubao huo, alishuka kwenye ngazi aliyoutundikia. "Nilikupigia simu, Si. Kila herufi ina namba yake ndani ya kompyuta. Namba ulizonitumia zilifika, lakini mashine yangu haina maumbo ya kuzichora, ndiyo maana inaweka sanduku tupu. Nilikuambia vimetoka visanduku. Ukanijibu, 'Chapa hivyohivyo, msichana wa mjini utajua nini?'"

"Ningejuaje!"

"Yaz hiyo uliyoivaa ilitakiwa iwe pale mara mbili," Tuda alisema. "Umeibeba miaka yote kama ng'ombe anavyobeba chapa ya mwenyewe."

Si Bujemaa alitazama saa. "Wageni wamebakiza nusu saa. Na hawazisomi hizo, mama, wanapiga picha tu. Tutabadilisha baadaye."

"Mama hakumwambia mwanamke yeyote asubiri baadaye."

Rqiya hakungoja kuambiwa. Alitoa makopo ya rangi kwenye gari lake, akavifuta visanduku kwa nyeupe, akakausha kwa feni ya Hejju, kisha akampa Tuda brashi. "Mimi sizijui, bibi. Andika wewe, ngazi nitaishika."

"Shika kopo," Tuda alimwambia Si Bujemaa.

Karani aligeuka kutafuta wa kumpokeza. Wanawake wote walikuwa na mafagio mikononi, hata wale ambao hawakuwa nayo dakika moja nyuma. Akalishika.

Tuda alipanda, akaandika polepole. Yaz ya pili iliinama kidogo, akaiacha. Rangi nyeusi ilichuruzika kwenye kiatu cha karani, na magari ya wageni yakaanza kusikika kwenye kona ya chini.

"Inua kopo, Si Bujemaa," alisema bila kugeuka. "Sifikii."

Akainua.