Kravate ya Casimir

Bwana yangu Casimir aliomba kitu kimoja tu mbele ya kufa: tumuzike na kravate yake ya ndoa.

Ilikuwa tai ya shingo, nyekundu. Aliivaa siku tulioana ku kanisa, na kisha kila Pasaka. Mu wiki alikuwa muntu wa majiwe, anapasua chokaa ku Kakontwe, mavumbi mpaka mu kope. Lakini siku ya Pasaka, na ile kravate ku shingo, hata minye bibi yake nilikuwa namuonea haya kidogo, kama mugeni mukubwa ameingia mu nyumba.

Halafu redio ikaanza kutoa amri ya serikali. Leo hii, kesho ingine. Kwanza majina ya ubatizo: muntu analala Casimir, anaamuka anatafuta jina ya babu yake. Kisha suruali kwa banamuke, na nywele ya kununua. Kisha kravate. Redio ikasema ni kitu cha Bazungu. Banaume bote bavae abakosti, ile koti ya kufunga vifungo mpaka ku koo. Siku ya kwanza tulicheka. Vijana ba parti, chama cha serikali, bakaanza kusimamisha bantu ku njia, tukaacha kucheka.

Casimir akaificha kravate mu valisi, chini ya vitenge vyangu. Wakati homa ilimukamata, akanishika mukono.

"Mama Zéphirin, ile kravate niliivaa mbele ya Mungu. Nataka nirudi nayo."

"Utapona, baba."

"Nitapona, nitapona. Lakini uniahidi."

Nikaahidi.

Alikufa Ijumaa alfajiri. Dada yake Alphonsine akafika toka Tshangalele na samaki ya kilio. Tukamuosha, tukamuvalisha. Nilipotoa kravate mu valisi, Alphonsine akafunga mulango mbio.

"Weye! Unataka batufunge sisi bote?"

"Niliahidi, mulamu."

Akaikala chini, akafikiri. Kisha akaenda kuchukua abakosti ya mutoto wangu Zéphirin, ile anavaa ku kazi ya kampani.

"Tumuvalishe hii juu. Inafika mpaka ku kidevu. Mungu ataona ya ndani, parti itaona ya inje."

Tukacheka na machozi, sisi babili, na Casimir katikati yetu.

Bantu bakajaa. Hilaire naye akaingia, mukubwa wa parti mu mutaa yetu. Zamani aliimba mu korali ya kanisa. Sasa ukimuita Hilaire, haitiki. Lori ya kampani ya kubeba maiti, yeye tu ndiye alikuwa anasema iende ao ibaki. Akamuangalia Casimir toka miguu mpaka kidevu.

"Vizuri, citoyenne," akasema, vile parti inataka tuitane: raia. "Amekufa muntu wa inchi. Lori inakuya."

Roho yangu ikatulia. Ndipo tukasikia sauti ya Martine toka ku njia.

Martine alitoka Kambove. Ni mutani wetu: ku kilio, bantu ba kabila yake na ba kabila ya Casimir bako na ruhusa ya kutukanana, ili huzuni isituue. Hata maiti anatukanwa. Na ukikasirika, weye njo muntu mubaya.

"Casimir! Muvivu weye! Unalala mpaka saa hii, majiwe ya Kakontwe nani atapasua? Bibi yako?"

Akaikala pembeni ya maiti, akalaza kichwa ku bega lake. "Sogea, bwana, na minye nimechoka." Bantu bakacheka. Hilaire naye akacheka mpaka akapangusa macho.

"Na hii koti? Ni ya nani? Weye hata kufa unaazima!"

Akaivuta koti ku koo, vile batani banafanya. Nikataka kusimama, lakini bamama balinizunguka. Kifungo kikatoka.

"Yéee! Mwizi! Muangalie! Amebeba kravate! Anaenda kuoa mwingine kule juu!"

Nyumba nzima ikacheka. Kisha kicheko kikakatika, kuanzia pale Hilaire alikuwa anasimama. Martine alikuwa wa mwisho kuelewa, ile nyekundu ingali mu vidole vyake.

"Ni utani, citoyen," akasema. "Niliiweka minye. Sasa hivi."

"Toa," Hilaire akaniambia minye.

"Hilaire, uliimba ku ndoa yetu."

"Sijui huyo Hilaire. Angalia bantu hapa, mama. Bote bameona. Mumoja atasema, na weye utaniletea bukari ku buloko, ugali ya mufungwa. Zéphirin yako atapoteza kazi. Toa. Lori haitabeba hii."

Zéphirin alikuwa ku mulango. Bibi yake alikuwa na mimba. Na jua ya mwezi wa kumi haingoji maiti.

Nikapiga magoti. Shingo ilikuwa imevimba, fundo ilikazana, vidole vyangu vikashindwa. Hilaire akatoa mikasi ku mufuko, ile ya kukatia bantu kravate ku njia, akaniwekea mu mukono. Nikakata.

Hilaire hakutaka kuonekana nayo. Akaitupa mu mbabula, pale maji ya chai ilikuwa inachemka ku makaa. Haikuwaka kama kitambaa. Ilijikunja, ikayeyuka, harufu ikatujaa mu pua, na batoto bakaanza kukohoa.

Alphonsine akafunga tena kile kifungo, polepole, kama muntu anaogopa kumunyonga.

Banaume bakamuweka mu sanduku ya maiti. Inje lori ikapiga honi. Mutani hana ruhusa ya kulia, na Martine hakulia. Akafungua kinywa atafute tusi ingine, akaangalia bantu, akaangalia mbabula.

"Casimir," akasema. "Casimir, weye..."

Tukangoja. Hakuna kitu kilitoka. Honi ikapigwa tena, banaume bakainama, bakalibeba sanduku.