Blauzi za Mwalimu wa Nidhamu

Wanafunzi wa bweni walimpa jina la Kengele, kwa sababu kila alipotokea watu walikimbia. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mwalimu wa nidhamu, akiwakamata walionakili kazi za wenzao hata kabla wino haujakauka. Kisha akastaafu, na kabla hajauzoea uvivu, saratani ya utumbo ikamwita ofisini. Madaktari wakakata palipopaswa kukatwa, wakambandika tumboni mfuko wa kupokea choo, wakampangia dripu za dawa kila baada ya wiki tatu.

Mfuko huo haukuwa na nidhamu hata chembe. Ulinguruma mbele ya daktari, ukanguruma katikati ya sala. Mtu aliyewahi kunyamazisha bwalo la wanafunzi mia sita kwa kukohoa tu, sasa alishindwa kulinyamazisha tumbo lake mwenyewe. Basi akahamishia sahani yake stoo, akawa anakula peke yake kati ya gunia la mkaa na baiskeli mbovu, komeo limefungwa.

Mkewe alivumilia mwezi wa kwanza na wa pili. Wa tatu akashusha sanduku kutoka juu ya kabati.

"Mume wangu, kama uso wangu unakukinaisha chakula, sema. Jumapili naenda kwa dada yangu. Huko watu wanakula pamoja, na wanagombania paja la kuku."

Kwa sababu ya sanduku hilo, na hilo tu, Kengele alikubali kwenda kwa mshauri wa wagonjwa pale hospitalini.

Balaa halipigi hodi. Mshauri mwenyewe alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, binti aliyewahi kufyekeshwa nusu ya uwanja wa mpira kwa kosa la kunakili jiografia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaa wima."

Akakaa wima. Chumbani kulikuwa na viti viwili, boksi la tishu na saa ya ukutani iliyochelewa dakika nne, jambo ambalo Kengele aliliripoti papo hapo. Kwa muda wote uliobaki alijibu kila swali kwa "vizuri" au, akizidiwa, "vizuri sana". Mwishoni binti akampa kazi ya nyumbani: aandike, kwa sentensi chache, jambo linalomtisha kuliko yote. Ailete Alhamisi.

Alhamisi ikamkuta kwenye kiti cha dripu, daftari jeupe pe. Kushoto kwake alikaa fundi cherehani mmoja, mgonjwa wa saratani ya titi, aliyepewa kazi ileile na mshauri huyohuyo. Yeye alikuwa amejaza kurasa mbili na bado wino ulimwasha.

"Mama, hebu nione ulivyoanza."

"Mwalimu! Wewe?"

"Nione mpangilio tu."

Fundi akacheka mpaka nesi akaja kuangalia kama sindano imechomoka. "Haya, nakili. Lakini badilisha maneno, usije ukaniponza."

Hayo ni maagizo matakatifu, yanayorithishwa bweni hata bweni. Kengele aliyatii. Palipoandikwa "mume" akaweka "mke". Palipoandikwa "cherehani" akaweka "chaki". Lakini dawa ilimlevya, saa nayo ilikimbia. Za mwizi ni arobaini. Zake zilikuwa dakika kumi.

Chumbani kwake, mshauri alisoma kwa sauti, kwa utulivu wa hakimu. "'Naogopa mke wangu ataniona nimepungua. Naogopa kwamba hata nikipona, blauzi zangu zitanipwaya upande mmoja.'"

"Mwalimu," alisema binti, midomo ikimcheza, "blauzi zipi?"

Kengele alikodolea macho saa ya ukutani. Ilikuwa bado imechelewa, lakini hakuwa tena na uso wa kuripoti. Na hapo ndipo mfuko ulipoamua kunguruma, ngurumo ndefu ya kukokota. Akaufunika kwa mikono miwili.

"Samahani."

"Ya nini?"

"Umeisikia."

"Nimeisikia. Na mama nyumbani je?"

"Hajawahi. Nakula stoo." Kisha yakamtoka yote kwa mkupuo. "Nitakaaje naye meza moja nikinguruma kama trekta? Atanionea huruma. Sitaki kuonewa huruma na mtu aliyenipenda nikiwa natisha."

Binti hakucheka. Alimsogezea daftari na kalamu. "Andika hiyo. Mwenyewe. Usiangalie pembeni."

Akaandika.

"Na adhabu ya kunakili?"

"Utamsomea mama kwa sauti, kabla ya Jumapili."

"Afadhali nifyeke uwanja."

"Uwanja nilishaufyeka mimi, Mwalimu."

Jumamosi mchana Kengele alifungua komeo la stoo. Sanduku lilikuwa limeshafika mlangoni. Alisimama mbele ya meza, daftari mkononi, akasoma sentensi zake tatu mpaka nukta ya mwisho. Mkewe alisikiliza, shavu mkononi. Kabla hajajibu neno, mfuko ukanguruma, tena kwa kiburi, kama uliokuwa ukingoja zamu yake.

Mkewe aliinamia sahani yake, mabega yakimtikisika.

"Nani huyo anayepiga kelele darasani?"

Kengele, nguzo ya nidhamu kwa miaka thelathini na moja, akanyoosha mkono.

"Lete sahani yako huku," mkewe akasema. "Na ukimaliza, hilo sanduku ulirudishe juu ya kabati. Mimi mgongo unaniuma."